Harufu ya Waya Unaoungua

Pigo la kwanza lilimvunja mkono, na watu wakashangilia.

Usiwalaumu haraka. Ungekuwepo pale ungeshangilia na wewe. Karakana ile ya mageti ilikuwa na sheria nyingi za mdomo, lakini moja tu ndiyo ilitundikwa ukutani, kando ya mlango: ubao mkavu wa mti mgumu, mpini wake umezungushiwa mpira wa tairi. Mzee mwenye karakana aliuita Mkombozi. Mtu akinaswa na umeme, alifundisha mzee, humshiki, maana ukimshika mnakufa wawili. Humuulizi kitu, maana hawezi kujibu. Unashusha Mkombozi na unampiga kama unaua nyoka, mpaka aachie. Kila aliyekuja kujifunza kuchomelea alionyeshwa ubao kwanza, mashine baadaye.

Mchana huo binti wa mzee, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, alikuwa amepiga magoti akiunga maua ya chuma kwenye geti la mteja. Hakuna aliyemfikia kwa maua. Kaka yake Nondo, mkubwa wake, alikuwa nyuma akisugua bawaba kwa tupa, akasikia mlio. Hakikuwa kilio, ilikuwa ni pumzi iliyokamuliwa kifuani kwa nguvu. Alipogeuka alimkuta mdogo wake amekakamaa, shingo imepinda upande, rodi ya kuchomelea bado iko mkononi inatema moto. Halafu akaanguka. Mwili wote ukaanza kurukaruka, visigino vinagonga sakafu, meno yameumana, povu lenye damu linamtoka mdomoni.

Kuna mtu alipiga kelele kwamba amenaswa. Nondo hakufikiri, na hakufundishwa kufikiri. Alishusha Mkombozi akapiga. Mkono ulivunjika juu ya kifundo, rodi ikaruka, na watu waliokwisha kujaa mlangoni wakashangilia. Lakini Cheche alizidi kutikisika, na katika nyumba ile mtu anayetikisika ni mtu ambaye umeme haujamwachia. Pigo la pili likatua ubavuni. Hapo fundi seremala wa jirani, pengine mtu pekee aliyekuja na akili zake siku hiyo, akaikimbilia swichi kubwa akaivuta chini. Mashine iliyokuwa ikinguruma tangu asubuhi ikanyamaza. Cheche bado anatikisika. Nondo akapiga tena, ubavu uleule, na safari hii mfupa ulisikika mpaka mlangoni.

Baada ya hapo mtikisiko ulipungua polepole, kwa wakati wake wenyewe, akabaki amelala anakoroma huku suruali yake imelowa. Watu wakampa Nondo mkono. Wakasema kaka ndiye huyu, wengine tunao wa kula nao tu. Mzee, ambaye mwanga wa kuchomelea ulikuwa umemla macho hata akawa haoni zaidi ya vivuli, alipapasa mpaka akalifikia bega la mwanawe.

"Umefanya nilivyokufundisha," akamwambia.

Nondo hakuwahi kusikia sifa kutoka kwa baba yake kabla ya siku hiyo. Alilia mbele za watu, na hakuona haya.

*

Hospitali ilimvua sifa hizo kabla jua halijazama.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mfupi, sauti yake kavu, mtu asiyependa kuambiwa jambo mara mbili. Aliutazama mkono uliovimba, akautazama ubavu, kisha akauliza nani kampiga binti huyu. Nondo akajitokeza kwa fahari kabisa akasema ni yeye. Kabla hajamaliza kueleza, mlinzi alikuwa ameshaitwa. Alikalishwa kwenye benchi la nje, mlinzi kamsimamia na kirungu, na kila mgonjwa aliyepita alimtazama toka kichwani mpaka miguuni. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimwambia waziwazi kwamba wanaume wa kupiga wanawake wangefungwa wote. Nondo akasema yeye alikuwa anaokoa. Mlinzi akamwambia kila siku anawapokea waokoaji.

Ndani, daktari aligeuza viganja vya Cheche, akavua soksi akatazama nyayo. Akamwambia mama yao, aliyekuwa ameshika ukingo wa kitanda, kwamba umeme wenye nguvu ya kumwangusha mtu namna ile mara nyingi huacha alama unapoingia na unapotokea. Hapa hakuona alama. Aliona ulimi uliong'atwa pembeni, na alama za kipigo. Akavuta kiti akakaa karibu na Cheche, ambaye fahamu zilikuwa zimerudi ingawa maneno yalimtoka kwa kuburuta.

Alimuuliza kama kuna kitu huwa anakisikia kabla ya hali hiyo. Cheche alimtazama mama yake, kisha akaamua.

"Harufu," akasema. "Harufu ya waya unaoungua."

Akaeleza kwamba miezi mingi sasa inamjia ghafla. Huacha kazi akakagua nyaya zote za karakana, na hakuna unaoungua. Nondo humcheka, humwita mbwa wa polisi. Baada ya harufu kidole gumba cha mkono wa kushoto huanza kuchezacheza chenyewe. Mara nyingine huishia hapo. Mara nyingine asubuhi anaamka ulimi una kidonda, kichwa kinauma, na shuka imelowa. Shuka ameifua kila mara kabla mama hajaamka.

"Mwanangu, mbona hukusema?" mama akauliza.

"Ningesemaje, mama? Kwamba nakojoa kitandani na umri huu?"

Mama akajifunika uso na kanga. Daktari akalitaja jina la ugonjwa, kifafa, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayetaja mafua. Mama alishtuka akatazama mlango. Ulikuwa wazi, na benchi alilokalia Nondo lilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Nondo alisikia kila neno, akajifanya anasoma matangazo ukutani.

Daktari alijua anaongea na fundi wa umeme na moto, akaanzia hapo. Alisema ubongo una seli nyingi mno zisizohesabika, na zinaongea zenyewe kwa zenyewe kwa umeme mdogo sana, mdogo hata taa haiwezi kuwaka nao. Nyingine kazi yake ni kusema amka, nyingine kazi yake ni kusema tulia. Kwa mtu mwenye afya, hawa na wale wanashindana siku nzima na hakuna anayeshinda. Kwenye kifafa kuna mahali watulizaji wamezidiwa. Kundi la seli linalipuka kwa pamoja, bila zamu, na jirani zake wanafuata. Likianzia kwenye sehemu ya kunusa, utanusa kisichokuwepo. Likifika kwenye sehemu ya kuongoza kidole, kidole kitacheza. Likienea ubongo mzima, fahamu zinakatika, unaanguka, na misuli inapokea amri kutoka kila upande.

"Kwa hiyo ni shoti," Cheche akasema.

"Ni shoti. Ila iko ndani ya kichwa, wala haimrukii mtu mwingine. Anayekushika hapati kitu. Povu lako pia haliambukizi."

Cheche akauliza imetoka wapi. Daktari hakumdanganya. Wengine wana kovu la jeraha kichwani, alisema, wengine walipata homa kali ya ubongo utotoni, wengine walikosa hewa wakati wa kuzaliwa, wengine wamezaliwa nayo kwenye damu, na wengi tunatafuta hatuoni. Chanzo chake angekitafuta kwa vipimo. Lakini kutibu kunaweza kuanza bila kusubiri. Akaeleza kwamba dawa za kifafa ziko za namna mbalimbali. Kuna zinazobana vijilango ambavyo umeme hupitia kwenye seli, ili seli isiweze kulipuka mfululizo. Kuna zinazowapa nguvu wale watulizaji. Hakuna inayong'oa ugonjwa siku moja. Zinauzuia, na zinauzuia zikiwa mwilini tu, ndiyo maana humezwa kila siku, asubuhi na jioni, hata kama unajisikia mzima kama simba. Wengi wanaozimeza vizuri huacha kuanguka kabisa.

"Na jambo moja mlishike wote," akasema, akapandisha sauti kidogo, na Nondo kule nje akazidi kuyatazama matangazo. "Asiziache ghafla. Ubongo ukishazoea kushikwa, ukauachia mara moja, unaweza kulipuka na usitulie. Akianguka, mlazeni ubavu, kitu laini chini ya kichwa, msimtie kitu mdomoni, msimbane, tazameni saa. Zikipita dakika tano hajatulia, mleteni mbio."

Cheche aliuliza swali moja tu la mwisho, na ndilo lililokuwa moyoni tangu mwanzo: kazi je. Daktari akamwambia moto na ngazi aviache kwanza. Akikaa muda wa kutosha bila kuanguka, na dawa zikimkaa vizuri, watalizungumza upya. Cheche alilishika neno hilo la kulizungumza upya. Yeye hakuogopa kufa. Aliogopa kuishi akiwa amekaa uani akichambua mchele huku mtu mwingine anaharibu maua yake.

*

Nyumbani neno kifafa halikuvuka kizingiti. Mama alilizuia mlangoni. Alisema kijana gani atakuja kuposa, mteja gani ataingia, na kwamba midomo ya watu haina kufuli. Mzee naye alikuwa na yake. Kama binti hakunaswa, basi Mkombozi ilimvunja bure, na kama ilimvunja bure, yeye amewafundisha watu nini miaka yote hiyo? Akakataa moja kwa moja. Akasema madaktari wa siku hizi wanasoma vitabu, hawajui umeme.

Nondo ndiye alikuwa na hoja kubwa kuliko wote, na hakuitaja kwa mtu. Mtaani alikuwa bado shujaa. Walimsimamisha awaeleze tena jinsi alivyomng'oa mdogo wake kwenye mdomo wa mauti. Alieleza mapigo mawili. La tatu hakulitaja, na akiwa anaeleza alikuwa hamtazami seremala. Akikubali kwamba ni ugonjwa, itabidi akubali pia kwamba alimvunja mgonjwa mifupa huku watu wanapiga makofi. Hilo lilimshinda kumeza, na mwenzake alikuwa anameza vidonge.

Maana Cheche alimeza. Asubuhi na jioni, mkono ukiwa ndani ya plasta, maumivu ya mbavu yakimfanya akae wima kama askari. Wiki zikapita. Harufu ikaja mara moja, hafifu, ikaondoka. Baada ya hapo haikuja tena. Akaanza kukaa karakanani, kwenye stuli, akiwaelekeza wengine pa kukunja na pa kukata, na akaanza kuota geti lake.

Mwenye geti ndiye aliyekuja kuharibu. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi, na alikuwa amesikia vitu. Akasimama mlangoni, hakuingia, akasema anaomba kazi yake imaliziwe na fundi mwingine, au aichukue aipeleke kule alikokusudia kuipeleka mwanzo. Alisema hana ubaya na mtu, ila mambo mengine yanaambukiza. Alisema hivyo Cheche akiwa hapohapo, na alikuwa anamtazama Nondo tu, kana kwamba binti ni kopo la rangi. Nondo akaapa kwa vyote viwili, mbingu na ardhi, kwamba ilikuwa ni umeme, umeme mtupu, waulize majirani. Ni wakati huo Cheche alipochukua chupa ya maji, akatoa kidonge chake kwenye kifuko, akakimeza. Ilikuwa ni saa yake ya kumeza na hakufikiri zaidi ya hapo.

Mwenye geti akaangalia kifuko, akacheka puani, akaondoka zake.

Nondo alikivuka kiwanja kwa mkupuo mmoja. Alimnyang'anya kifuko akamimina vidonge vyote kwenye ndoo ya maji meusi ambayo hutumika kupozea vyuma vya moto. Vikaelea, vikaanza kumeng'enyuka. Cheche aliona wiki zake zote zinayeyuka mle ndani. Aliinua ule mkono wa plasta akamtandika kaka yake mdomoni. Jino likakatika. Nondo akamkaba shingo, akamsukuma mpaka kwenye geti lenyewe, maua ya chuma yakamchoma mgongoni, na mdomo wake uliojaa damu ukawa unamnyunyizia usoni anapoongea. Mama alitoka ndani mbio akawa anampiga Nondo mgongoni na kandambili, akimwomba amwachie mtoto wake, huku yule aliyekuwa anampiga naye ni mtoto wake. Mzee kwenye kiti chake akauliza nini, nini.

Nondo akamwachia. Alitema jino mkononi akalitazama. Kisha akaenda kutungua ukutani kinyago cha kuchomelea, cha Cheche mwenyewe, chenye mkwaruzo kwenye kioo, akakiweka miguuni pake.

"Chagua," akasema. "Unataka kuwa mgonjwa, au unataka kuwa fundi?"

Hata mjinga angejua jibu la swali lile. Lakini Cheche alikuwa na njaa ya kazi, na mtu mwenye njaa hapewi sahani mbili akaulizwa ipi ina sumu. Alijiambia mbona harufu haiji. Alijiambia labda daktari alikosea, labda kweli ulikuwa ni umeme, na mbona baba, ambaye anaujua umeme kuliko mtu yeyote, anasema hivyo. Hospitali kuchukua vidonge vingine hakwenda. Aliinama akakiokota kinyago. Kesho yake, vidole vikichungulia nje ya plasta, alishika rodi, na mzee akaisikia mashine ikinguruma kwa mkono wa binti yake, akatabasamu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wote wanne waliijua methali hiyo, na mama aliwahi kuitumia kumsema jirani.

*

Asubuhi moja, siku chache tu baada ya hapo, umeme ulikatika mtaa mzima. Mafundi wakakaa nje wakipiga soga. Seremala akatoa randa ya mkono. Mzee alilalamika kwenye kiti chake kwamba kimya kinampa usingizi, kwamba mashine isiponguruma anajiona kama amekufa bila kuambiwa. Cheche alikuwa amechuchumaa mbele ya geti, akilainisha ua kwa tupa, na Nondo alikuwa upande wa pili akishikilia. Tangu siku ya jino walikuwa wanaongea vya kazi tu: inua, shusha, geuza.

Tupa ikaacha kulia.

"Kaka, kuna waya unaungua."

Nondo akafungua mdomo amwite mbwa wa polisi. Neno likafika kwenye ulimi likakwama. Alitazama balbu juu ya mlango, imezima. Akatazama mashine, imelala na waya wake umeviringishwa pembeni. Hakukuwa na kitu cha kuungua katika mtaa ule mzima. Alimtazama mdogo wake, akaona kidole gumba cha kushoto kinachezacheza chenyewe juu ya goti.

"Kaka, inanuka sana," Cheche akasema. "Nishike."

Nondo akamrukia. Alikiwahi kichwa kabla hakijafika kwenye fuawe, wakaanguka wote wawili, yeye chini. Ule mlio ukatoka. Ukafuata mkakamao, kisha mtikisiko, na Nondo safari hii aliuona kwa karibu, uso kwa uso, macho ya mdogo wake yamegeuka meupe. Kila alichokisikia akiwa kwenye lile benchi kikamrudia, na lile aliloliapia kwa mbingu na ardhi likaondoka lote. Mlaze ubavu. Akamlaza. Kitu laini. Akavua shati akalikunja. Usimtie kitu mdomoni.

Mpita njia mmoja akachungulia, akaona, akapaza sauti kwa mtaa mzima: "Yule binti amenaswa tena!"

Mzee alisimama. Hakuhitaji macho kwa jambo lile. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja ukutani, ukaushika mpini wa mpira, ukashusha Mkombozi. Watu wakampisha, kwa heshima kabisa. Mwisho wa kiwanja aliona vivuli viwili vimelaliana chini, na vyote vinatikisika, maana Nondo alikuwa amemkumbatia na mwili wa Cheche ulikuwa unamtikisa naye. Mzee akaelewa kwa namna yake: mjinga huyu amemshika kwa mikono mitupu. Wamenaswa wote.

Nondo aliuona ubao unapanda. Angeweza kujivuta. Alijilaza juu ya mdogo wake.

Pigo lilimshukia katikati ya mgongo, pumzi ikamtoka yote.

"Baba," akajaribu, "umeme haupo."

Sauti ilitoka inatetemeka, ikikatikakatika, sawasawa na ya mtu aliyenaswa. Mzee alikaza meno, akapanua miguu, akapiga kama anaua nyoka. Akapiga tena. Watu wakashangilia. Ubavu wa Nondo ukalia, na yeye akazidi kumbana yule aliye chini yake, akisema tu umeme haupo, umeme haupo, mpaka seremala akaruka akaudaka ubao ukiwa hewani.

"Mzee," seremala akasema. "Sikiliza mashine."

Mzee akasikiliza. Kimya kile kile alichokuwa analalamikia tangu asubuhi. Watu nao wakanyamaza, mmoja mmoja. Kilichosikika ni visigino vya Cheche tu, vinagonga sakafu, vinagonga. Ubao ukamtoka mzee mikononi. Alipiga magoti, akapapasa, akaushika mguu wa binti yake kwa mkono mtupu, na hakuna kilichomuuma.

Alikaa hivyo kidogo, mguu ukimtikisa.

"Na siku ile?" akauliza.

Nondo hakuwa na pumzi ya uongo. "Siku ile seremala alizima swichi," akasema. "Nilisikia mashine inanyamaza, baba. Nilisikia vizuri. Nikampiga tena."

*

Cheche hakutulia. Dakika tano zilipita na visigino bado vinagonga, midomo imeanza kuwa ya rangi ya majivu. Seremala alileta mkokoteni wake wa mbao, wakampakia juu ya maranda, mama akashika kichwa, na Nondo akasukuma. Alisukuma akiwa amejikunja upande kama mpini wa jembe uliovunjika, akitema mate mekundu, akiwatukana watu wapishe njia. Nyuma yao mzee alikuja amemshika seremala mkono, akiuliza kila baada ya muda kama bado anatikisika. Alijibiwa bado. Akauliza tena.

Daktari alikuwa yuleyule. Hakuuliza kwanza. Alichoma sindano, akasubiri, akachoma nyingine, akaweka dawa kwenye mshipa, na kidogo kidogo mwili ule ulilegea, kuanzia miguuni. Mama aliyaona mabega ya binti yake yakishuka, akakaa chini sakafuni palepale alipokuwa amesimama. Ndipo daktari akauliza kama alikuwa anameza dawa zake.

Mama akamtazama mzee. Mzee akatazama alikodhani kuna dirisha.

"Alikuwa anameza," Nondo akasema. "Nilizimwaga mimi."

Daktari akamgeukia. Alisema tu kwamba ndicho alichokuwa anakihofia. Breki zilitolewa gari likiwa linateremka. Angeanza naye upya, na kama safari hii vidonge vitaachwa vikae mwilini, bado ana nafasi nzuri. Akaongeza kwamba geti linaweza kumsubiri fundi wake, ila ubongo hausubiri.

Nje, kwenye benchi lile lile, Nondo alikaa akiwa ameshika ubavu, akingoja kupigwa picha ya eksirei. Mlinzi alimtambua. Alikuja na kirungu chake akamzunguka, akamtazama michirizi ya mgongoni.

"Leo nani kakupiga wewe?"

"Baba."

"Kisa?"

"Alikuwa ananiokoa."

Mlinzi akafikiri kidogo, akaenda kumletea maji.

Jioni Cheche alifumbua macho. Aliitazama dari, akautazama mkono wa plasta, akajipapasa mbavu upande mmoja, kisha wa pili, polepole, akitafuta mahali papya pa kuuma. Hakupaona. Nondo alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda, kifua kimefungwa bandeji, ameinama kwa sababu kukaa wima kulikuwa kumemshinda. Mama alitaka kusema kitu. Nondo akamzuia kwa mkono.

"Safari hii nani kanipiga?" Cheche akauliza, ulimi mzito.

"Hakuna. Safari hii nimepigwa mimi."

Akageuza kichwa amwone vizuri. Akaona bandeji, akaona na pengo la jino, ambalo lilikuwa kazi ya mkono wake.

"Inauma?"

"Inauma sana."

"Vizuri," akasema, akafumba macho. "Kachukue dawa zangu."

Nondo akasimama, mkono mmoja ubavuni, akaenda kupanga foleni kwenye dirisha la dawa.